Umejiwekea azimio na sasa linakunyima usingizi? Anza na hofu, azimio litafuata

Wiki ya tatu ya Januari ndo ngumu kabisa hapa Mombasa. Wageni wa bara washarudi makwao, karo imelipwa nusu na nusu ingine shule inaingoja, joto la kaskazi halimwachi mtu alale hata feni ikiwa ya mwisho, na juu ya hayo yote kuna lile jambo ulilojiahidi usiku wa mwaka mpya. Kuacha muguka, yale majani ya kutafuna. Kupunguza mwili. Kuweka pesa. Kusali kwa wakati. Kutowapigia watoto kelele. Na mara nyingi si ati umeshindwa, la, umeshika vizuri tu siku zako kadhaa, lakini roho iko juu saa zote, unaamka saa tisa usiku unajiuliza nikikosa kesho itakuwaje, na huo wasiwasi wenyewe unakumaliza kuliko kazi ya kushika azimio.

Nataka tuongee huo wasiwasi. Nidhamu washaiongea wengi. Mimi naamini kabisa kwamba watu wengi wanaoacha maazimio yao hawaachi kwa uvivu, wanaacha kwa sababu kuogopa kushindwa kunauma kila siku na kuacha kunaondoa maumivu papo hapo. Mtu akiacha, usiku huo analala. Kwa hivyo ukitaka kudumu, itulize hofu kwanza, tena kwa vitendo, manake kuambiwa "usijali" hakujawahi kumsaidia mtu.

Jua unaogopa nini hasa

Chukua karatasi na kalamu, simu iweke mbali, ukiandikia kwa simu utaingia WhatsApp na hutatoka. Juu andika azimio lako, chini yake andika: nikishindwa, nini kitatokea? Andika ukweli hata kama unaona haya, hiyo karatasi hakuna atakayeisoma.

Mara nyingi utapata hofu za aina tatu. Kuna ya watu: ulitangaza kwenye stetasi, ulimwambia mumeo au mkeo, wenzako wa jimu wanakuhesabu. Kuna ya pesa au mwili: daktari amesema sukari iko juu, deni lina tarehe. Na kuna ya nafsi, unaogopa itathibitika kwamba wewe ni mtu wa kuanza vitu na kuviwacha njiani, kama ulivyokuwa ukiambiwa nyumbani tangu mdogo. Hii ya tatu ndo nzito na ndo mara nyingi imejificha nyuma ya zile mbili. Ukishajua ni ipi unaweza kuifanyia kitu, lakini ukiiacha iwe "stresi" tu, ya jumla, utabaki kuzunguka nayo mwezi mzima.

Mwili utulie kwanza

Ukiwa na wasiwasi mwili unadhani kuna hatari ya kweli mbele yako, unamwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, pumzi inakuwa fupi ya juu kifuani, tumbo linakoroga. Hapo hata uambiwe maneno mazuri namna gani hayaingii. Vuta pumzi kwa pua pole pole ukihesabu mpaka 4, kisha itoe kwa mdomo ukihesabu mpaka 6 au 7, endelea hivyo kama dakika 5. Cha muhimu ni kule kutoa, pumzi ndefu ya kutoka ndo inayoregesha mapigo ya moyo chini. Unaweza kufanya umesimama kwenye foleni ya ferry Likoni na hakuna atakayejua unafanya nini.

Halafu angalia unachoweka mdomoni jioni. Kahawa tungu ni tamu na baraza bila kahawa si baraza, najua, na kikombe chenyewe ni kidogo, lakini nani anakunywa kimoja? Kwa watu wengi kafeini uliyokunywa saa mbili usiku, ikifika saa saba karibu nusu yake bado iko mwilini inafanya kazi. Wale wa vinywaji vya kuongeza nguvu ndo zaidi. Ukiwa mtu wa kuamka usiku na mawazo, kahawa yako iwe ya asubuhi, ya mwisho baada ya adhuhuri, ufanye hivyo wiki nzima kabla hujaamua kwamba shida yako ni kubwa.

Sasa wale ambao azimio lenyewe ni kuacha muguka au miraa, nyinyi nataka niwaambie kitu ambacho wengi hawaambiwi. Ndani ya yale majani kuna kemikali inaitwa kathinoni, inaamsha mwili kwa njia iliyo karibu na dawa za amfetamini. Ukiacha, siku za mwanzo mwili unaidai: utasikia uchovu usio na sababu, usingizi mzito au wa ndoto mbaya, hasira za haraka, huzuni tu imekukalia. Mtu akifika hapo anasema "mimi bila hii siwezi kuwa sawa" anaregea kwa muuzaji. Lakini huo ni mwili unajipanga upya, na kwa walio wengi hali hiyo inapungua kadiri siku zinavyokwenda. Mwambie mtu wa nyumbani mapema, "wiki hizi mbili nitakuwa mkali kidogo, mnivumilie", uone vile presha itashuka. Na kama ni pombe, na ulikuwa ukinywa nyingi kila siku, usikate ghafla ukiwa peke yako, nenda kwa daktari kwanza. Kuacha pombe nyingi kwa mara moja kunaweza kuleta kutetemeka, kifafa, mpaka kuhatarisha maisha, na hapo kujikaza hakusaidii kitu.

Kutembea pia kunasaidia sana. Jioni jua likishapoa shuka Mama Ngina upande wa Lighthouse, au kama unakaa Bamburi shuka ufuoni, nusu saa inatosha. Ila usikugeuze kuwe azimio jipya la pili, tembea tu.

Punguza ahadi mpaka ifike mahali huiogopi

Jirani yangu mmoja anauza mahamri na mbaazi asubuhi karibu na stage. Alijiahidi kila siku shilingi 300 ziingie kwenye kibubu, za mwanawe anayetaka kuingia chuo. Siku za mwanzo zikaingia. Ikaja Jumatano wateja hawakuonekana, akatoa pesa ya unga, nazi, mafuta na makaa, mkononi zikabaki 180. Sasa yeye kwa sababu alisema 300, akaona 180 si kitu, hakuweka hata moja. Alhamisi ikabidi afikirie 300 za leo na 300 za jana, na mapato ni yale yale. Kufika Jumapili kibubu kimesukumwa chini ya kitanda kimefunikwa na leso kuukuu, ameniambia mwenyewe hakutaka macho yake yakione.

Tazama pale. Pesa 180 zilikuwepo! Kilichomzuia ni ile namba. Mtu wa mapato ya kila siku, awe ni wa tuktuk, wa samaki, wa kibarua bandarini, hana siku mbili zinazofanana, na kujiwekea namba moja isiyobadilika ni kujipangia siku za kushindwa. Tulikaa tukaibadilisha ikawa: kabla ya Isha kitu lazima kiingie, hata kama ni 20, siku nzuri anaweka anavyoweza. Kibubu kikatoka uvunguni kikaregea kwenye kabati la vyombo, karibu na birika, mahali anakipita mara kumi kwa siku.

Fanya hivyo kwa azimio lako. Fikiria siku mbaya kabisa, mtoto ana homa, stima imepotea, umetoka kazini Changamwe saa tatu usiku na gari limekwama kwa foleni ya malori. Siku kama hiyo unaweza kufanya kiasi gani? Hicho ndo kiwango chako cha chini, na ndo azimio lako la kweli, chochote cha juu yake ni ziada. Kurasa mbili za kitabu. Kutembea mpaka stage ya mbele badala ya hii ya karibu. Wali nusu sahani badala ya kukataa wali, manake kukataa wali wa nazi Ijumaa nyumbani kwa mamako ni kutafuta ugomvi. Waislamu tunajua hadithi ya Mtume (s.a.w.) kwamba amali zinazopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni zile zinazodumu hata kama ni chache, na tunaisikia kila mwaka misikitini, lakini tukifika kwa mambo yetu wenyewe tunataka yote kwa wiki moja.

Na kwa wale wa kuweka akiba, angalia kama uko na Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Pesa yoyote ikiingia kwa M-Pesa yako, deni la Fuliza linakatwa lenyewe kabla hujaishika, kwa hivyo ukipanga kuweka akiba kutoka kwa hiyo hiyo laini huku una deni, kila ukitumiwa pesa utaona imepungua na utajilaumu bure. Maliza hilo deni kwanza, liwe ndo azimio lenyewe, akiba ianze baadaye. Hutakuwa umechelewa.

Amua mapema, usijadiliane na nafsi kila siku

Kitu kinachochosha kichwa ni ule mjadala. Niende jimu, nisiende, nitaenda kesho, ah kesho ni Ijumaa. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amechunguza hili miaka mingi, makala yake inayojulikana zaidi ilitoka 1999, na alichoonyesha ni kwamba mtu anayepanga kwa mtindo wa "kikitokea hiki, nitafanya hiki" anatekeleza zaidi kuliko yule mwenye nia tu. Nia ni "nataka kufanya mazoezi". Mpango ni "nikishuka ferry jioni upande wa Likoni, nyumbani naenda kwa miguu, sipandi boda". "Nikishaswali Isha, simu inaingia kwenye droo ya sebuleni mpaka asubuhi." "Mtoto akimwaga chai, natoka mlangoni nahesabu mpaka kumi ndo nazungumza."

Unaona faida yake kwa mtu wa wasiwasi? Uamuzi ushafanyika. Ferry imefika, miguu inajua. Lakini tafuta kitu ambacho hutokea kweli kila siku, kama adhana, kushuka gari, kufunga duka, kwa sababu saa kama "saa kumi na mbili kamili" katika mji huu wa foleni itakupita ukiwa Buxton umekaa ndani ya matatu.

Siku utakayokosa (utakosa)

Hapa ndo nataka tukae sana.

Kuna uchunguzi wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliofuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea zoea moja dogo la kila siku. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka lile jambo likawa linajifanya lenyewe, lakini kulikuwa na tofauti kubwa, kuanzia siku 18 mpaka 254. Kwa hivyo ile habari ya siku 21 iwache, na ukiona mwenzako yeye kwa wiki tatu kashazoea na wewe bado, hakuna kilichoharibika. Na jambo lililonigusa mimi zaidi: waliona kwamba kukosa siku moja hakukuharibu zoea kwa kiasi cha kuleta tofauti. Siku moja haikufanya kitu.

Kinachoharibu ni vile tunavyoipokea hiyo siku moja. Mwaka 1975 watafiti Peter Herman na Deborah Mack waliwapa watu kinywaji kizito cha maziwa kisha wakawawekea aiskrimu wale watakavyo. Wale wasiojizuia chakula, waliokunywa kinywaji walikula aiskrimu kidogo, manake washashiba. Wale wa dayati ikawa kinyume, waliokunywa kile kinywaji walikula zaidi kuliko wasiokunywa. Ndani ya kichwa walishajiambia leo nishaharibu, basi. Hiyo "basi" ndo adui, nayo tunaijua sote, ni ile ya mtu amekula bhajia mbili saa nne, akasema leo imeshaharibika, akapitia viazi karai saa kumi na usiku akaagiza kuku na chipsi.

Na hili tunalijua tayari kwa njia nyingine. Mtu akikosa kufunga siku mbili za Ramadhani kwa ugonjwa au safari au hedhi, hasemi mwezi umevunjika nisifunge tena. Anaendelea na siku zilizobaki, na zile mbili atazilipa kadha baadaye, moja moja, na hakuna anayefunga siku mbili ndani ya siku moja ili afidie. Chukua huo utulivu uupeleke kwenye azimio lako la kuacha soda.

Kwa hivyo andika mpango wa kuregea saa hizi ukiwa bado hujakosa, kwa sababu siku ukikosa akili haitakuwa sawa ya kupanga. Wangu mimi ni mfupi hivi: Nikikosa, kesho nafanya kiwango cha chini, si mara mbili. Sitaanza upya kuhesabu. Sitangoja Jumatatu wala mwezi mpya. Na ninajiuliza swali moja tu, nini kilinizuia jana, nikipata jibu nabadilisha mpango, nisipopata naendelea. Bandika ndani ya mlango wa kabati.

Juu ya kujisema vibaya, "mimi ni bure kabisa", "mimi sina haya", wengi wanadhani ndo kunawapa nguvu. Juliana Breines na Serena Chen katika uchunguzi wao wa 2012 waliona kinyume, waliojichukulia kwa huruma baada ya kukosea ndo waliopata hamu zaidi ya kujirekebisha. Zungumza na nafsi yako vile ungezungumza na mdogo wako akija kwako analia.

Mawazo ya usiku yape saa yake

Huwezi kuamrisha wasiwasi uondoke, ila unaweza kuupangia wakati. Hii ilifanyiwa majaribio na Thomas Borkovec na wenzake tangu 1983: unachagua nusu saa, mahali pamoja, kila siku, hapo ndo unapowaza kwa makusudi. Baada ya alasiri ni wakati mzuri, karibu na kulala hapana. Wazo likija saa tano usiku unalijibu "kesho baada ya alasiri", na ukitaka unaliandika neno moja ili kichwa kisiogope kulisahau. Siku chache za mwanzo yatasumbua, vumilia. Ikifika hiyo nusu saa utakuta mengine hayana hata uzito tena.

Watu na maneno yao

Kama hofu yako ni ya watu, futa tangazo. Huna deni na stetasi. Baki na mtu mmoja anayeuliza kwa upole, na umwambie wazi unataka akuulize vipi: "Niulize Ijumaa tu, na nikisema nimekosa usinipe mawaidha, niulize nitaregea lini." Vyama vya faini kwa aliyekosa sivipendi kwa watu wenye wasiwasi, faini ikishakuwa tatu mtu anaacha kuja kwa aibu.

Kwa jamaa, weka jibu tayari. Shangazi atakushika mkono harusini mbele ya watu:

"Mwanangu, si ulisema mwaka huu unapunguza mwili? Mbona naona uko vile vile?"

"Bado niko njiani shangazi, niombee dua."

Imetosha. Usijieleze, usihesabu kilo mbele ya sahani ya pilau. Na kama kwenye ile karatasi yako umegundua azimio lenyewe lilikuwa la shangazi tangu mwanzo, wewe mwili wako hauna shida na daktari hajasema kitu, liache kwa amani kabisa, una ruhusa.

Ikizidi

Kama wiki mbili au zaidi hulali, huli vizuri, moyo unakwenda mbio bila sababu, kazi inakushinda, au unakunywa na kutafuna ili utulie, hapo si mambo ya azimio tena, tafuta msaada. Coast General, ile wengi tunaiita Makadara, utapata wahudumu wa afya ya akili, na Port Reitz pia kuna kitengo chake. Ukitaka kuongea na mtu kwa simu kwanza, Msalaba Mwekundu wana laini ya bure, 1199. Kama umefikia kuwaza kujidhuru usingoje wiki mbili wala kesho, piga leo, au mwambie mtu aliye karibu nawe asikuwache peke yako mpaka mfike hospitali. Na usiogope kwamba utashtakiwa, Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema ile sheria ya kumfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua inakwenda kinyume na katiba.

Kuna watakaokwambia ni majini, nenda ukasomewe. Soma dua zako, na hospitali pia uende, hakuna kinachozuia kingine. Ukifika usijali kutafuta maneno ya kitaalamu, sema tu: "Nina mawazo mengi, silali, na siwezi kuyazuia, yameanza tangu tarehe fulani." Kama unatumia dawa yoyote, muguka, pombe, sema na hiyo, wanahitaji kuijua ili wasikupe kitu kitakachogongana nayo.